Daftari la Machi

Mjomba wangu ana daftari la jalada gumu, lile lenye jedwali la kuzidisha mgongoni, alilokuja nalo Marekani kutoka Tanga akikusudia kuandikia matumizi. Matumizi hayakuandikwa hata siku moja. Kila ukurasa una mwaka juu, na chini yake namba moja kwa wino wa bluu: mechi ambazo Baltimore Orioles, timu ya besiboli, watashinda msimu huo, katika mechi 162. Namba inaandikwa Machi, kabla mpira wa kwanza haujarushwa. Ikishaandikwa haifutwi. Msimu ukiisha anachukua kalamu nyekundu na kuandika pembeni kilichotokea.

Sisi tuliokulia vijiweni tunajua utabiri wa mdomo ulivyo. Simba wakifungwa, kesho yake asubuhi kila mtu alishasema. Kilichosemwa kwa mdomo hakina tarehe wala sahihi, kila mtu hukikumbuka apendavyo. Daftari la mjomba lina tarehe na lina sahihi, na karibu yote ninayoyajua kuhusu kukadiria timu za besiboli yameanzia kwenye kurasa zile na kwenye mabishano tuliyobishana juu yake.

Besiboli haijapata msamiati uliokubalika kwetu, kwa hiyo nitatumia maneno tuliyoyazoea nyumbani. Mrushaji ndiye anayerusha mpira, mpigaji ndiye mwenye gongo. Mchezaji akizunguka vituo vyote na kurudi alipoanzia, timu yake imepata mkimbio mmoja. Mpira ukipigwa ukavuka ukuta ni homurani. Kila timu inapata zamu tisa za kupiga. Zikiisha wakiwa sawa wanaongeza, hata usiku uwakute uwanjani, mpaka mmoja ashinde.

Nilifika kwa mjomba, Parkville, pembeni mwa Baltimore, mwezi Aprili 2012. Jumapili ya tarehe 6 Mei hakutoka na teksi. Aliwasha redio jikoni: Orioles walikuwa ugenini Boston, uwanja wa Fenway Park, wakicheza na Red Sox. Mechi ilianza mchana baada ya chakula. Tukanywa chai ya jioni, mechi inaendelea. Mkaza mjomba akabandika wali, ukaiva, mechi inaendelea. Zamu ya 16 Orioles walikuwa wameishiwa warushaji, wakampandisha Chris Davis kwenye kichuguu cha mrushaji. Davis alikuwa mpigaji, tena siku hiyo gongo lilimkataa kabisa: alimaliza mechi akiwa amepiga 0 kwa 8, yaani mara nane bila pigo hata moja la kumfikisha kituoni, na mara tano alitolewa kwa kukosakosa mpira. Mtu huyo ndiye aliyerusha zamu mbili dhidi ya Boston bila kuruhusu mkimbio. Zamu ya 17 Adam Jones akapiga homurani ya mikimbio mitatu, naye aliyemrushia hakuwa mrushaji bali mlinzi wa nje aliyeazimwa kazi. Kisha Davis akarudi, akamtoa Adrián González kwa kukosa mpira, na Orioles wakashinda 9–6. Ushindi ukaandikwa kwa jina la Davis.

Mjomba alisimama katikati ya jiko, kikombe mkononi. "Mjomba," aliniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana vilevile, "timu hii ina roho."

Mwaka ule Orioles walishinda 93 na kupoteza 69, baada ya misimu 14 mfululizo ya kupoteza nyingi kuliko walizoshinda. Mechi zilizoamuliwa kwa mkimbio mmoja walishinda 29 na kupoteza 9. Zile zilizovuka zamu ya tisa walishinda 16 na kupoteza 2. Meneja Buck Showalter angeweza kuomba chochote mjini Baltimore akapewa. Mimi nilikuwa mgeni, sina timu, na nilianguka kwenye mapenzi hayo mzimamzima kama wengine wote.

Sasa nilikuwa nafanya kazi za usiku, na usiku una saa nyingi. Ndipo nilipokutana na hesabu ya Bill James, ambaye alianza kuandika kuhusu besiboli akiwa mlinzi wa usiku kwenye kiwanda cha maharage huko Lawrence, Kansas. Hesabu yake ni ya mtoto wa sekondari. Chukua mikimbio ambayo timu imefunga, izidishe kwa yenyewe. Chukua iliyofungwa, nayo izidishe kwa yenyewe. Jumlisha hizo mbili, halafu gawanya ya kwanza kwa jumla. Jibu ni sehemu ya mechi ambazo timu ilistahili kushinda.

Nikageuza bahasha ya bili ya umeme. Orioles wa 2012 walifunga mikimbio 712, wakafungwa 705. Msimu mzima, miezi sita, tofauti ni mikimbio saba tu. 712 kwa 712 ni 506,944. 705 kwa 705 ni 497,025. Nikagawanya, nikazidisha kwa 162, ikaja 81.8. Nikarudia kwa sababu nilidhani nimekosea. Timu iliyoshinda 93 ilikuwa imecheza kama timu ya ushindi 82.

Nilikaa na bahasha ile mpaka alfajiri. Ilinikera, lakini pia niliona kama mtu amenifungulia dirisha. Mikimbio ya timu inasema mengi kuhusu msimu ujao kuliko ushindi wenyewe, kwa sababu mikimbio ni mamia na kila mmoja una sababu yake, ilhali mechi ya mkimbio mmoja inaweza kugeuzwa na mpira uliogusa ukingo wa nyasi. Walioshinda 29 kwa 9 kwenye mechi za namna hiyo mwaka huu hawana sababu kubwa ya kurudia mwakani.

Machi 2013 nilimwambia mjomba.

"Mjomba, zile mechi za mkimbio mmoja haziwezi kurudi vile."

"Wewe umekuja juzi."

"Hesabu inasema themanini na mbili, themanini na tatu."

"Hesabu iliona Davis akirusha?" Akafungua daftari, akaandika 96.

Mimi nikaandika 83 kwenye karatasi, nikaibandika kwenye jokofu kwa sumaku ya umbo la kaa. Mwaka ule Davis alipiga homurani 53, na mpaka Julai mjomba alikuwa akipita mbele ya jokofu akihema kwa furaha. Lakini zile mechi za mkimbio mmoja ziligeuka: 20 kwa 31. Orioles walimaliza na ushindi 85. Mjomba aliandika 85 kwa wino mwekundu, akafunga daftari, hakusema neno. Machi iliyofuata alinisukumia daftari mezani na kalamu yake. Tangu hapo kila ukurasa una namba mbili.

Ningependa kusimulia kwamba toka siku hiyo hesabu ilishinda kila mwaka. Mwaka 2014 niliandika 83 tena, mjomba akaandika 90, Orioles wakashinda 96 na kuchukua ubingwa wa kundi lao. Davis aliporomoka hadi homurani 26, Matt Wieters akaumia kiwiko, Manny Machado akaumia goti, na bado 96. Nelson Cruz, aliyesajiliwa mwisho wa Februari kwa dola milioni 8 wakati timu nyingine zimemwangalia zikapita, alipiga homurani 40, nyingi kuliko mtu yeyote ligi nzima. Ningetakiwa nimwone? Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani ningetakiwa kuona kwamba timu imepata mpigaji mzuri kwa bei ndogo. Homurani 40 hakuna ambaye angeziona.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza bahati ina ukubwa gani hasa. Si kama neno la kujitetea, bali kama kitu chenye kipimo. Usiku mmoja wa mapumziko nilikaa mezani na sarafu ya robo dola, nikairusha mara 162, naweka alama ya kichwa au mkia. Vichwa 77. Nikairusha tena mara 162: vichwa 90. Mara ya tatu: 83. Ilinichukua muda mrefu na kidole gumba kikauma, lakini hakuna kitabu ambacho kingenifundisha vile. Sarafu ileile, mkono uleule, meza ileile, mara imeshinda 77 na mara imeshinda 90. Wanahesabu wanalo jibu bila kurusha chochote: ukirusha sarafu mara 162, kwenye theluthi mbili hivi ya majaribio vichwa vitakuwa kati ya 75 na 87. Maana yake timu ya katikati kabisa, isiyo nzuri wala mbaya, inaweza kumaliza na 87 meneja akasifiwa kwa busara, au na 75 meneja huyohuyo akafungashiwa virago. Wachezaji ni walewale.

Nyumbani hatujazoea hivyo. Ligi Kuu yetu ina mechi 30 kwa timu, na tangu Azam wachukue ubingwa msimu wa 2013/14 kombe limekuwa likihama kati ya Simba na Yanga tu, kwa hiyo anayetabiri bingwa ana nusu ya jibu kabla hajafungua mdomo. Besiboli ya Marekani ina timu 30, na bingwa wake halindi kombe kirahisi. Yankees walilichukua mara tatu mfululizo kuanzia 1998 hadi 2000, na baada yao hakuna aliyelichukua mara mbili mfululizo mpaka Los Angeles Dodgers, 2024 na 2025. Timu bora hupoteza mechi 60. Timu mbovu hushinda 60, labda iwe mbovu ya kihistoria kama Chicago White Sox wa 2024 waliopoteza 121. Mambo yote tunayobishania Machi yanatokea kwenye ile nafasi nyembamba iliyobaki katikati.

Basi wanaokadiria kwa dhati hufanyaje? Hawapigi ramli, na hawaanzi na timu. Wanaanza na mchezaji mmoja mmoja. Kuna mfumo mwepesi sana uliobuniwa na mtu anayejiita Tom Tango, akaupa jina la nyani, Marcel, kwa maana kwamba hata nyani angeweza kuufanya. Unachukua miaka mitatu ya mwisho ya mpigaji. Mwaka uliopita unaupa uzito wa tano, wa nyuma yake nne, wa nyuma zaidi tatu. Kisha unamvuta kuelekea wastani wa ligi, na kadiri alivyocheza mechi chache ndivyo unavyomvuta zaidi, kwa sababu aliyepiga vizuri mwezi mmoja hajakuonyesha alivyo bado. Mwisho unagusa umri: kijana unampandisha kidogo, aliyevuka 29 unamshusha. Basi. Mifumo mikubwa yenye kompyuta na data za kila mpira uliorushwa huushinda mfumo huu, lakini huushinda kwa kidogo.

Ukishampata kila mchezaji, unagawa muda wa kucheza: nani atacheza mechi 150, nani 40, nani atakaa hospitali. Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote na ndiyo watu wanaiongelea kidogo. Kiwiko cha mrushaji hakikadiriki. Kano yake ikikatika anafanyiwa ule upasuaji ambao Dakta Frank Jobe aliufanya kwanza mwaka 1974 kwa Tommy John, na mwaka mzima au zaidi umekwenda. Kuumia kwenyewe si lazima kutokee kazini. Machi 2013 sikulijua hilo. Machi 2023 nililiona kwenye televisheni: Edwin Díaz wa New York Mets, mrushaji aliyekuwa akifunga mechi za timu ile, aliumia goti akirukaruka na wenzake wa Puerto Rico kusherehekea ushindi kwenye mashindano ya dunia mjini Miami. Msimu wake uliishia hapo, kabla haujaanza. Mets, waliokuwa na mishahara mikubwa kuliko timu yoyote, walimaliza na 75–87, yaani walishinda 75 na kupoteza 87.

Baada ya muda wa kucheza unajumlisha. Wanaofanya kazi hii wanakubaliana kwamba timu iliyojazwa wachezaji wa akiba, wale ambao timu yoyote ingeweza kuwapata kesho kwa mshahara mdogo, ingeshinda mechi kama 47 au 48. Hiyo ndiyo sakafu. Juu ya sakafu unaweka mchango wa kila mtu, kwa kanuni kwamba mikimbio kama kumi ni ushindi mmoja.

Mfumo maarufu wa namna hii ni PECOTA, aliouanzisha Nate Silver, na kuna misimu miwili ya PECOTA ambayo naiweka pamoja kila mtu anaponiuliza kama mambo haya yanafanya kazi. Mwaka 2007 PECOTA ilisema Chicago White Sox watashinda 72. Hao walikuwa mabingwa wa 2005, na 2006 walishinda 90. Watu wa Chicago walikasirika. White Sox wakamaliza na 72–90, namba ileile. Mwaka 2015 PECOTA ikaandika 72 hiyohiyo kwa Kansas City Royals, ambao mwaka uliotangulia walifika mechi ya saba ya fainali. Royals wakashinda 95 na kuchukua ubingwa. Mfumo mmoja, namba moja, mara imegonga katikati na mara imekosa kwa 23. Sioni kwamba ile ya kwanza ilikuwa akili na ya pili ujinga. Zote mbili zilikuwa makadirio ya haki kwa kilichojulikana Machi. Mifumo mizuri kabisa hukosea kwa mechi saba au nane kwa timu, kwa wastani, mwaka nenda mwaka rudi, na ukikumbuka ile sarafu utaona kwamba sehemu kubwa ya kukosea huko haiponi kwa kompyuta yoyote.

Halafu kuna wachezaji ambao mfumo hauna pa kuwashika. Seattle Mariners walipompoteza Alex Rodriguez baada ya msimu wa 2000, wengi waliwaona wameisha. Walimleta Ichiro kutoka Japani, mtu ambaye rekodi zake zote zilikuwa za ligi nyingine, na wakashinda 116. Siku moja swali hili litatufikia karibu zaidi. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikuwa wa kwanza kuzaliwa Afrika akafika ligi kuu, Aprili 2017, akiwa na Pittsburgh Pirates. Pirates haohao wamemsajili David Matoma, mrushaji kutoka Uganda. Utamlinganisha na nani? Hakuna mrushaji wa Uganda aliyetangulia kufika ligi kuu ambaye mfumo unaweza kumtazama ukasema, huyu alifanya hivi akiwa na umri huu. Hapo nakiri macho ya msaka vipaji aliyekaa juani yana kazi ambayo daftari halina.

Lakini nirudi kwa Davis, kwa sababu kwake ndiko nilikojifunza kuheshimu kitu ambacho namba hazikisemi.

Januari 2016 Orioles walimpa mkataba wa miaka saba, dola milioni 161. Mwaka uliopita alikuwa amepiga homurani 47. Mfumo wowote, hata wa nyani, ungesema atashuka taratibu, na kweli alianza kushuka taratibu: 38, kisha 26. Ukurasa wa 2018 kwenye daftari una namba ya mjomba, 74, na yangu, 72. Mwaka ule Davis alipiga .168, yaani chini ya mara 17 katika kila 100, wastani mbaya kuliko wa mpigaji yeyote aliyewahi kucheza vya kutosha kuhesabiwa. Orioles wakashinda 47 na kupoteza 115. Arobaini na saba: ile sakafu ya wachezaji wa akiba, kana kwamba mtu alikuja usiku akaondoa kila kilichokuwa juu yake. Mjomba aliandika 47 kwa wino mwekundu kwa mkono uliotulia. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, na nilitamani aseme chochote.

Mwaka uliofuata Davis alianza bila kugusa kitu. Mechi kwa mechi, tukihesabu kutoka msimu uliopita, akafika 0 kwa 54. Hakuna aliyewahi kufika huko. Tarehe 13 Aprili 2019 Orioles walikuwa Fenway Park, uwanja uleule wa zamu 17. Mjomba hakuendesha teksi tena wakati huo, magoti yalimkatalia, kwa hiyo tulikuwa sebuleni. Zamu ya kwanza kabisa Davis akapiga mpira ukaanguka mbele ya mlinzi wa kulia, mikimbio miwili ikaingia. Akacheka kituoni, akaomba apewe mpira ule. Mashabiki wa Boston, wapinzani, walimpigia makofi. Mjomba alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Nimemfikiria Davis kila Machi tangu siku hiyo. Nikiandika namba kuhusu timu, ninaandika kuhusu watu 26 ambao kila mmoja ana mwili utakaomgeuka siku asiyoijua. Wastani wa kushuka kwa umri ni mstari laini kwenye karatasi. Hakuna mtu hata mmoja anayeshuka kwa mstari huo. Mmoja anabaki juu mpaka 38, mwingine anaanguka kwa mwaka mmoja, na mstari laini ni jumla yao.

Ndiyo maana kuanzia 2019 niliacha kuandika namba moja. Nilianza kuandika upana: namba ya katikati, kumi chini yake na kumi juu. Mjomba hakupenda. "Huo ni woga," alisema. "Mtu akiniuliza treni inafika saa ngapi simwambii kati ya saa mbili na saa tano." Nikamjibu kwamba ukimwambia saa tatu ilhali unajua inaweza kufika saa tano, umempotosha. Tulilibishania hilo mpaka chai ikapoa.

Msimu wa 2020 ulikatwa na korona ukabaki mechi 60, tukauruka. Mingine sita iko hivi. Mwaka 2019 niliandika 52 hadi 72, wakashinda 54. Mwaka 2021, 54 hadi 74, wakashinda 52. Mwaka 2022, 53 hadi 73, na makadirio mengi ya wataalamu yalikuwa hapohapo karibu na 60. Lakini kwa ile aibu ya 2018 Orioles walikuwa wamepata haki ya kuchagua kijana wa kwanza nchini, wakamchukua Adley Rutschman. Alianza kucheza tarehe 21 Mei. Kabla yake timu ilikuwa 16–24. Baada yake, 67–55. Jumla 83. Mwaka 2023, 70 hadi 90, wakashinda 101, kisha wakatolewa kwa mechi tatu bila na Texas Rangers, timu iliyokuwa imepoteza 94 mwaka mmoja nyuma na ikaenda kuchukua ubingwa. Mwaka 2024, 82 hadi 102, wakashinda 91. Mwaka 2025, 77 hadi 97. Warushaji wakaanza kuumia kabla ya joto kuingia, Grayson Rodriguez hakurusha hata mpira mmoja wa msimu, meneja Brandon Hyde akaondolewa Mei. Sabini na tano.

Hesabu mwenyewe: mara mbili kati ya sita. Upana wa kumi kila upande ulipaswa kukamata nne. Nilipoyaweka yote kwenye ukurasa mmoja Oktoba iliyopita nilikaa kimya muda mrefu. Miaka yote nilidhani nimejifunza kukiri nisichokijua, kumbe nilikuwa nimekadiria vibaya hata ukubwa wa nisichokijua. Timu inayojengwa upya haina upana wa timu iliyotulia. Vijana wanane wakipanda pamoja wanaweza kukupa 101, na wakikwama pamoja wanaweza kukupa 75, kwa hiyo kumi kila upande, ambayo ingetosha kwa timu ya wazee wanaojulikana, kwao ni mkeka mfupi. Miguu inabaki nje. Upana nao ni kadirio, na unapaswa kutolewa hesabu kwa wino mwekundu kama namba nyingine yoyote. Hili sijaliona likisemwa vya kutosha na wale wanaochapisha orodha zao kila Machi, timu 30 na namba 30, bila kurudi Oktoba kuzitazama.

Machi hii mjomba ana mtoto wa jicho upande wa kushoto, mistari ya daftari inamcheza. Aliniita Jumamosi. Nikamwamkia, "Shikamoo mjomba," akaitikia huku tayari analitafuta daftari chini ya mto wa kiti.

"Niandikie," akasema. "Pete Alonso kaja. Miaka mitano, milioni mia na hamsini na tano. Huyo anapiga. Weka tisini."

Nikaandika 90 kwa wino wa bluu, nikamshika mkono akaweka sahihi. Chini yake nikaandika yangu: 84. Meneja mpya, Alonso kwenye kituo cha kwanza, warushaji ambao sina uhakika wa viwiko vyao, na kundi lenye Yankees, Red Sox, Rays na Blue Jays waliofika fainali. Nikasita kidogo kwenye upana, kisha nikaandika 70 hadi 98.

"Soma," akasema.

Nikamsomea.

"Ishirini na nane katikati yake?"

"Ndiyo, mjomba."

Akanyamaza. Nilingoja aseme habari za treni. Akapapasa mezani mpaka akaipata kalamu nyekundu, akaijaribu kwenye kiganja chake, haikutoa kitu, akaijaribu tena kwa nguvu.

"Ukipita dukani," akaniambia, "niletee nyingine."